Lebo ya jikoni na mashine zisizosikilizana

Kazi ya printa ya lebo jikoni si kubwa. Inapokea jina la chakula, siku na saa kilipoandaliwa, siku ya mwisho ya kutumika na jina la aliyekiandaa, inayachapa kwenye kipande cha karatasi chenye gundi, basi. Hata wino haitumii. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na kichwa cha printa ni mstari wa nukta ndogo zinazowaka moto na kupoa papo hapo, nukta nane katika kila milimita kwa printa nyingi za kawaida. Mpishi anabandua lebo, anaibandika kwenye chombo cha supu, chombo kinaingia kwenye friji.

Ugumu uko kabla ya hapo. Printa haijui cha kuchapa mpaka iambiwe, na siku hizi anayeiambia ni skana ya mkononi au kishikwambi kilichotundikwa ukutani, na maneno yao yanapita hewani. Mpishi anabonyeza skana, inalia, taa ya kijani inawaka, printa kimya. Anabonyeza tena. Anaizima printa, anaiwasha. Dakika mbili baadaye zinatoka lebo tatu kwa mpigo, zote za mchuzi wa nyanya aliokwisha kuuweka ndani, na kuku aliye mezani bado hana tarehe.

Asiyefanya kazi jikoni ataiona hiyo kuwa kero ya vifaa tu, ya kumwachia fundi. Lakini tarehe ile ndiyo inayoamua kama kuku huyo atapewa mgeni keshokutwa au atatupwa. Mwongozo wa chakula wa serikali ya Marekani, ambao hoteli nyingi zenye majina ya kimataifa huandika kanuni zao kwa kuufuata au kwa kufanana nao, unasema chakula kilicho tayari kuliwa na kinachoharibika upesi kikae kwenye nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake kwa siku zisizozidi 7, na siku ya kukiandaa ihesabiwe kuwa ya kwanza. Sababu kubwa ni Listeria, bakteria anayekua hata ndani ya friji, polepole lakini bila kuacha. Na chakula kinachopozwa baada ya kupikwa kinatakiwa kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Jiko lenye sufuria kumi zinazopoa kwa wakati mmoja, kila moja imeepuliwa kwa saa yake, haliwezi kuendeshwa kwa kumbukumbu ya mtu. Saa lazima iandikwe, na iandikwe wakati ule ule.

Uingereza ndiko lebo ya jikoni ilikotoka uani ikafika bungeni. Julai 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate wenye atichoki na zeituni zilizosagwa katika duka la Pret A Manger uwanja wa ndege wa Heathrow, akapanda ndege kwenda Nice, Ufaransa. Alikuwa na mzio wa ufuta. Ufuta ulikuwa umeokwa ndani ya unga, hauonekani, na pakiti haikuutaja. Alifariki siku hiyo hiyo. Uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo chake, uliofanyika London mwaka 2018, ulianika pengo ambalo wengi hawakulijua: chakula kilichoandaliwa na kufungwa dukani humo humo hakikulazimika kubeba orodha ya viambato kwenye kila pakiti. Kwenye mwambao wetu, ambako mkate wa ufuta wa Zanzibar humwagiwa mbegu juu mpaka ukawa na rangi ya mbegu zenyewe, ni rahisi kudhani kwamba ufuta huonekana daima. Usipoonekana, kinachobaki kumlinda mlaji ni maandishi.

Wazazi wa Natasha walipigania mabadiliko, na tarehe 1 Oktoba 2021 kanuni mpya, zinazoitwa kwa jina la binti yao, zikaanza kutumika Uingereza nzima. Kila sandwichi, kila saladi inayofungwa na kuuzwa pale pale inapotengenezwa sasa ina jina lake, orodha kamili ya viambato, na vile 14 ambavyo sheria inavitambua kuwa vyanzo vya mzio lazima vikolezwe vionekane. Marekani nayo iliuongeza ufuta kwenye orodha yake kuanzia Januari 2023. Mkahawa mdogo wa Leeds au Cardiff, ambao lebo zake zilikuwa mkanda wa karatasi na kalamu ya wino mzito, ukajikuta unahitaji printa. Kalamu haikutosha tena, kwa kuwa mkate wa kiwandani peke yake unaweza kuwa na viambato kumi, na bado hujaandika mayonezi. Wakanunua printa, wakanunua skana, wakaviweka mezani, na hapo ndipo walipogundua kwamba vifaa viwili vilivyonunuliwa pamoja si lazima vifahamiane.

Tuanzie hewani penyewe. Skana nyingi za mkononi na printa nyingi za kubebeka hutumia Bluetooth, teknolojia iliyozaliwa katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Sweden, mwaka 1994, kwa kazi ya mhandisi wa Kiholanzi Jaap Haartsen na wenzake. Mwaka 1998 Ericsson, Intel, IBM, Nokia na Toshiba waliunda jumuiya ya kuiendeleza. Shabaha ilikuwa kuondoa waya kati ya simu na kompyuta, simu na kifaa cha masikioni. Mtu mmoja, mfuko mmoja, meza moja ya ofisi. Hakuna aliyekuwa akifikiria chumba chenye mvuke, mabati na watu kumi na wanane wanaopokezana zamu.

Na masafa yaliyochaguliwa, ya gigahezi 2.4, yana historia ya jikoni zaidi ya watu wanavyodhani. Ugawaji wa kimataifa uliofanywa Atlantic City mwaka 1947 ulitenga kipande hicho kwa ajili ya viwanda, sayansi na tiba, yaani mashine ambazo hutoa mawimbi kwa kazi nyingine, si kwa kuzungumza. Mwaka huo huo kampuni ya Raytheon ya Marekani ilileta sokoni oveni ya kwanza ya maikrowevu, iliyotokana na ugunduzi wa mhandisi wake Percy Spencer. Vifaa vya mawasiliano vilikuja baadaye sana: mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliviruhusu kutumia masafa hayo bila leseni, kwa sharti kwamba vitavumilia kelele zozote vitakazozikuta humo. Wi-Fi ikaingia, Bluetooth ikaingia, kwa kuwa ni bure. Kwa hiyo jikoni oveni ndiye mwenye nyumba, na printa na skana ni wageni waliokubali kelele zake kabla hata ya kupiga hodi.

(Na ile hadithi kwamba oveni hutumia gigahezi 2.45 kwa sababu ndipo maji “yanapotikisika” si kweli. Maji hufyonza mawimbi zaidi kwenye masafa ya juu mno kuliko hayo. Masafa ya oveni yalichaguliwa kwa kuwa yameruhusiwa, na kwa kuwa yanapenya ndani ya chakula badala ya kuishia kwenye ngozi yake.)

Skana ya kawaida hutoa nguvu ya miliwati 2.5 hivi. Oveni ya jirani yake inafanya kazi kwa wati 1,000. Mlango wa oveni unaruhusiwa kuvujisha kidogo sana, kiasi kisichomdhuru mtu, lakini kidogo hicho kwa redio ya skana ni kelele kubwa. Bluetooth ya asili ina dawa yake: haikai kwenye mkondo mmoja, inaruka kati ya mikondo 79, mara 1,600 kwa sekunde, na tangu toleo la mwaka 2003 inajifunza mikondo iliyochafuka na kuikwepa. Zaidi ya hapo, oveni nyingi za kawaida, zile zenye transfoma, hutoa mawimbi nusu tu ya kila mzunguko wa umeme. Kwa umeme wetu na wa Uingereza, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, hiyo ni kama milisekunde 10 za kelele na 10 za kimya, na ndani ya kimya hicho zinapatikana nafasi 16 za kutuma ujumbe. Ndiyo maana skana na printa ambazo zimekwisha kuungana huendelea kuzungumza hata oveni ikiunguruma, kwa kusuasua kidogo.

Wanaoteseka ni wale ambao bado wanatafutana. Wakati wa kutafutana mikondo ni michache. Katika aina mpya ya Bluetooth inayotumia umeme kidogo, kifaa kinachojitangaza hutumia mikondo mitatu tu kati ya 40. Hiyo mitatu ikizibwa, vifaa vitakaa hatua mbili tu kimoja kutoka kingine bila kujuana. Mafundi wa simu huwaambia wateja wasogeze vifaa karibu. Jikoni ushauri ulio bora ni kungoja wali umalize kupashwa moto.

Chuma nacho kina lake. Meza, mashubaka, kofia ya kutolea moshi, vyote ni chuma cha pua, na mawimbi yanarudi nyuma yanapovigusa. Chumba cha baridi ndicho kibaya kuliko vyote: paneli za chuma pande zote, mlango wa chuma, ndani kumejaa nyama, maziwa na ndoo za maji, vitu vinavyofyonza mawimbi hayo vizuri sana. Mpishi akiingia na skana kuhesabu mzigo, mlango ukajifunga nyuma yake, mawasiliano yanakatika. Lakini printa iliyobaki nje haijui kwamba yamekatika. Kwa mpangilio wa kawaida wa Bluetooth kifaa hungoja hadi sekunde 20 bila kusikia neno ndipo kikiri kwamba mwenzake ameondoka. Katika sekunde hizo, mpishi mwingine akijaribu kuitumia printa hiyo kwa kishikwambi chake, anakuta mlango umefungwa.

Hapo tumefika kwenye kiini. Printa nyingi za aina hii humhudumia mmoja kwa wakati. Anayeishika ameishika, mpaka aachie. Kishikwambi cha zamu ya asubuhi kikipelekwa ofisini kwa meneja kuchajiwa, ukuta mmoja tu kutoka jikoni, bado kiko ndani ya mita 10, bado kimeishika printa, na zamu ya jioni nzima inahangaika na mashine ambayo haina ubovu wowote. Watu huilaumu printa. Wengine huipiga.

Kuunganisha kwa mara ya kwanza kuna sheria zake. Kila kifaa cha Bluetooth kina anwani yake ya biti 48, inayoandikwa kwa herufi na tarakimu 12. Vifaa viwili vikikubaliana, hutengeneza ufunguo wa siri na kila kimoja huuhifadhi. Siku nyingine vikikutana havisalimiani tena kwa urefu. Zamani ilikuwa lazima uandike namba, na karibu kila kiwanda kilichagua 0000 au 1234, siri ambayo dunia nzima inaijua. Toleo la 2007 lilileta njia bora: skrini mbili zioneshe tarakimu 6 zinazofanana nawe ukubali, au uandike tarakimu za kifaa kimoja kwenye kingine, au uvigusanishe tu vipeane taarifa kwa chipu ya NFC, au, kwa vifaa visivyo na skrini wala vitufe, viungane bila kuuliza chochote.

Skana ya kawaida haina skrini wala vitufe. Ina kifyatulio na jicho. Kwa hiyo walioibuni skana walitumia jicho hilo hilo: ubavuni mwa printa, au kwenye kitako cha kuchajia skana, hubandikwa milia myeusi na myeupe ambayo ndani yake imeandikwa anwani ya kifaa. Skana inaisoma milia hiyo na kuita anwani moja kwa moja. Mpishi hafungui menyu, hatafuti jina katika orodha, hachagui lugha. Kati ya ubunifu wote wa eneo hili, huu ndio ninaouona wa kiungwana zaidi, kwa sababu umemfikiria mtu mwenye mikono iliyolowa.

Udhaifu wake ni kwamba milia hiyo ni karatasi. Jikoni huoshwa kila usiku kwa dawa ya kuyeyusha mafuta. Baada ya miezi kadhaa lebo ya printa ya lebo imefutika, na hakuna aliyeinakili. Anwani bado ipo, imeandikwa kwa herufi ndogo tumboni mwa mashine, lakini skana haiwezi kusoma herufi, na mpishi hawezi kuigeuza milia kichwani. Anaitwa fundi kwa kazi ya kipande cha stika.

Kishikwambi kina matatizo yake mengine. Jiko kubwa likinunua printa nne za aina moja, orodha inayotokea kwenye kioo ni majina manne yanayofanana, tofauti iko kwenye tarakimu za mwisho. Ukigusa isiyo yako, lebo ya samaki inachapwa kwenye kona ya keki, na mtu wa keki, ambaye naye alikuwa anangoja lebo, anaweza kuibandika bila kuisoma. Wenye vifaa vya Apple huongezewa kizingiti kingine: printa zinazotumia njia ya zamani ya Bluetooth hazizungumzi na programu za iPad mpaka kiwanda kiwe kimeingia katika mpango wa Apple wa kuidhinisha vifaa, ndiyo maana printa ile ile iliyoungana na simu ya Android mara moja haionekani kabisa kwenye iPad ya bosi. Muuzaji mwaminifu husema hilo mapema.

Skana, kwa upande wake, mara nyingi hujitambulisha kwa kishikwambi kuwa kibodi. Ni njia rahisi: kila kishikwambi kinajua kibodi, hakihitaji programu maalumu. Skana ikisoma milia, huandika tarakimu zake kana kwamba kuna mtu anachapa kwa kasi ya ajabu. Mambo mawili hufuata. La kwanza, kibodi ya kwenye kioo hutoweka, kwa kuwa kishikwambi kinaona tayari una kibodi nyingine. Mpishi akitaka kuandika jina lake hana pa kugusa, na lazima ajue kitufe cha siri cha kuirudisha. La pili, skana huandika popote mshale ulipo. Ukiwa umefungua ujumbe wa WhatsApp, namba ya katoni ya jibini inaenda kwa shemeji yako.

Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi wanapotumia vishikwambi vilivyopangwa kwa Kifaransa hupata la tatu. Kibodi ya Kifaransa, juu kabisa, ina herufi na alama pale ambapo ya Kiingereza ina tarakimu. Skana iliyopangwa kiwandani kwa Kiingereza inabonyeza mahali pa 6, pa 2 na pa 0, na kishikwambi kinaandika -éà. Mfumo unasema bidhaa haipo. Bidhaa ipo, iko mkononi, ni lugha ya vitufe tu iliyopishana, na kuirekebisha ni kusoma mlia mmoja ulio ndani ya kijitabu cha skana, ambacho kwa kawaida kimetupwa pamoja na boksi.

Nimeitaja 620 kwa makusudi. Ndizo tarakimu za kwanza za msimbomilia wa kampuni iliyosajiliwa Tanzania. Za Kenya ni 616. Hazisemi bidhaa imetengenezwa wapi, husema tu kampuni ilichukulia wapi namba zake. Msimbo wa aina hiyo, ambao mara ya kwanza ulisomwa dukani tarehe 26 Juni 1974 mjini Troy, jimbo la Ohio, kwenye pakiti ya chingamu, unabeba utambulisho wa bidhaa tu. Hauna tarehe. Hauna namba ya toleo. Mpishi anaposoma milia ya katoni ya maziwa, skana inasema haya ni maziwa ya kampuni fulani, ya ujazo fulani, na hiyo ndiyo elimu yake yote. Tarehe inayochapwa kwenye lebo inatoka kwenye saa ya kishikwambi au ya printa. Saa ikikosewa, kila lebo ya siku hiyo imekosewa, kwa unadhifu ule ule.

Na saa ndiyo inayonirudisha kwenye muunganisho uliokatika. Mashine zikikataa kusikilizana, jiko halisimami. Watu hufanya mojawapo ya mambo matatu. Wengine huchukua mkanda wa karatasi na kalamu, wakaandika kwa mkono, na hao ndio waaminifu. Wengine, wakiijua tabia ya printa yao, huchapa lebo nyingi asubuhi inapokuwa sikivu, wakazipanga pembeni, wakabandika kadiri kazi inavyokwenda, saa ya lebo ikiwa moja kwa vyakula vyote. Kundi la tatu huacha vyombo bila lebo mchana kutwa, kisha usiku, jiko likitulia na oveni zikizimwa, printa inaungana bila shida na lebo zote zinachapwa kwa mkupuo. Hapo mashine, kwa uaminifu wake wote, inaandika saa ya kuchapa. Mchuzi uliopikwa saa nne asubuhi unapata lebo ya saa tatu usiku. Umeongezewa saa kumi na moja za uhai ambazo haukuzipata jikoni.

Bwana afya akija kesho yake ataona safu ya lebo safi, zenye herufi zilizonyooka, zote na tarehe, saa na jina. Mwandiko wa mkono ulioparazwa angeuhoji: nani kaandika, mbona saba inafanana na moja? Lebo iliyochapwa haihojiwi. Nadhani hilo ndilo kosa kubwa tunalolifanya kuhusu mashine hizi, wanunuzi na wakaguzi kwa pamoja: tunauamini unadhifu. Mkanda wenye wino uliofifia, ulioandikwa wakati chakula kikiwa bado kinatoa mvuke, una ukweli mwingi kuliko lebo ya kupendeza iliyochapwa saa kumi na moja baadaye.

Nchini Tanzania usimamizi wa usalama wa chakula uko kwa Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019 ulipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinajulikana vizuri na wasindikaji. Lakini chombo cha mchuzi ndani ya friji ya hoteli ni jambo la utaratibu wa ndani ya jiko. Kwa hiyo nidhamu ya lebo za jikoni hapa kwetu inaletwa zaidi na kampuni zenye hoteli na wafanyakazi wenyewe, wakiwamo Wakenya, Waganda na Watanzania waliofanya kazi kwenye majiko makubwa ya Dubai, Doha na Muscat na kurudi na mazoea ya kutogusa chombo kisicho na tarehe. Printa ndogo ya Bluetooth yenyewe si ngeni: wakata tiketi na wauzaji wa mitaani hutembea nazo kiunoni, zimeunganishwa na simu. Ila hapo ni simu moja na printa moja, ya mtu mmoja, kwenye jua la wazi. Mazingira ambayo Haartsen na wenzake waliyafikiria, ukitoa jua.

Anayenunua vifaa hivi kwa jiko angepunguza nusu ya matatizo kwa kukataa jambo moja: kuondoa waya mahali ambapo hakuna kinachotembea. Printa inayokaa juu ya meza ya maandalizi miaka yote haina sababu ya kutumia Bluetooth. Ipewe waya wa mtandao ndani ya bomba, au hata Wi-Fi ya gigahezi 5, ambako oveni haina sauti. Bluetooth ibaki kwa skana, kwa kuwa skana ndiyo inayotembea. Printa za kona mbalimbali zipewe majina ya kona zao, Samaki, Mboga, Keki, badala ya tarakimu za kiwandani. Ni kazi ya dakika chache siku ya kufunga. Milia ya kuunganishia ichapwe nakala tano na kuwekewa plastiki. Na printa isiachwe ikijitangaza kwa kila simu ya mgeni aliyekaa ukumbini, hasa ile isiyouliza namba yoyote.

Mkanda na kalamu visiondolewe ukutani. Kuna mameneja wanaoviondoa ili kuwalazimisha wafanyakazi watumie mashine, na matokeo yake ni kuwalazimisha waingie kundi la tatu.

Mambo yanabadilika, na si kwa upande wa redio. Shirika la kimataifa la misimbo ya bidhaa, GS1, limepanga kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2027 mashine za malipo madukani ziwe na uwezo wa kusoma misimbo ya miraba, ile ya jamii ya QR, sambamba na milia ya kawaida. Msimbo wa mraba, kama ilivyo ile milia mirefu ya kwenye katoni za jumla, unaweza kubeba namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya kutumika, kila taarifa ikitanguliwa na namba inayoitambulisha: 10 kwa toleo, 17 kwa tarehe ya mwisho. Katoni ya krimu yenye msimbo huo ikisomwa jikoni, lebo ya mchuzi uliotiwa krimu hiyo inaweza kubeba asili yake, na mfumo unaweza kukataa kuupa mchuzi maisha marefu kuliko krimu yenyewe. Kiwanda kikitangaza kurudisha toleo fulani, jiko litajua ni vyombo vipi vitolewe.

Hilo linaongeza uzito wa ule muunganisho kati ya vifaa viwili. Leo ukikatika unapoteza saa. Wakati huo utapoteza na ukoo wa chakula. Kwa hiyo anayenunua sasa amuulize muuzaji swali moja kabla ya bei: skana ikipotezana na printa katikati ya kazi, lebo zilizokwama zitatoka na saa gani, ya kusomwa au ya kuchapwa? Mifumo iliyotengenezwa kwa kufikiria jiko huhifadhi saa ya kusoma kwenye kila agizo, na hulionesha agizo lililokwama kwenye kioo ili mpishi alikubali au alifute kabla halijawa karatasi. Muuzaji asiyelielewa swali hilo bado anauza printa za ofisi.